Kuifundisha kompyuta kusikia redio ya waongoza ndege: mwongozo kamili, kuanzia antena hadi jina la wito

Chukua sentensi hii: "Kenya six one two, descend flight level one four zero." Mwongoza ndege anaitamka kwa pumzi moja kwenye redio inayokwaruza, na rubani anatakiwa airudie ili ijulikane kwamba ameipata. Inaiambia ndege Kenya 612 ishuke hadi kimo 140, yaani futi 14,000, kwa kuwa kimo hicho huhesabiwa kwa mamia ya futi. Ina maneno kumi. Kompyuta ikikosea neno moja tu, tuseme imeandika "one five zero", kwa kipimo cha kawaida imepata asilimia 90, alama ambazo shuleni zingekupandisha jukwaani kupokea zawadi. Angani hiyo ni tofauti ya futi 1,000, yaani nafasi nzima inayotenganisha ndege mbili zinazopishana juu na chini.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na modeli. Wengi wetu tunaanza kwa kupakua modeli kubwa kuliko zote, tunainoa usiku kucha, asubuhi tunaona namba nzuri, halafu wiki inayofuata tunagundua kwamba mfumo hauwezi kusema ndege ipi imeambiwa nini. Mimi nilianza hivyo hivyo na nikapoteza muda mwingi. Njia nitakayokuonyesha ni ndefu kidogo. Nachukulia kwamba unaijua Python kiasi, umewahi kunoa modeli yoyote hata mara moja, na unaweza kukodi GPU kwa saa chache.

Hatua ya 1: Amua itafanya kazi gani

Ukisema unataka mfumo wa kutambua usemi wa waongoza ndege, hujasema kitu bado. Ni kama kusema unataka gari: la abiria, la mchanga, au la zimamoto?

Kazi nyepesi kuliko zote iko chuoni. Mwanafunzi wa uongozaji ndege anapofanya mazoezi kwenye mtambo wa kuigiza, chumba cha pili kuna mtu anayejifanya rubani. Anasikiliza agizo, anaandika kwenye kibodi, na ndege ya kwenye skrini inageuka. Mfumo wako unaweza kukaa kwenye kiti cha mtu huyo. Sauti ni safi, kipaza sauti kiko mdomoni, misemo rasmi inafuatwa kwa sababu mwalimu amesimama mgongoni, na kompyuta ikikosea hakuna anayeumia. Kama ni mradi wako wa kwanza, anzia hapa.

Kazi ya kati ni kutafuta ndani ya rekodi. Kiambatisho cha 11 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka rekodi za mawasiliano zitunzwe siku 30 au zaidi, na hakuna mwenye muda wa kuzisikiliza zote. Unukuzi wa wastani tu unatosha kumwezesha mchunguzi kupata dakika anayoitafuta, kisha akasikiliza kwa masikio yake mwenyewe.

Kazi ngumu, ile ambayo kila mtu anaiota, ni kugundua papo hapo kwamba rubani amerudia agizo tofauti na alivyoambiwa. Hapo mfumo lazima umsikie rubani, na sauti ya rubani ndiyo mbovu zaidi: injini inanguruma, redio iko mbali, na mara nyingi anasema haraka kuliko mwongozaji.

Chagua moja. Kisha andika kwenye karatasi kosa ambalo hutalivumilia hata kidogo. Karatasi hiyo utaihitaji hatua ya 7.

Hatua ya 2: Jifunze lugha yenyewe

Kaa wiki moja ukisikiliza tu, bila kuandika msimbo. Lugha ya redio ni Kiingereza kilichonyolewa. Vitenzi ni vichache, salamu ni fupi, na sehemu kubwa ya ujumbe ni namba na majina. ICAO imeweka hata matamshi: tatu hutamkwa "tree", nne "fower", tano "fife", tisa "niner". Sababu ni kwamba "five" na "nine" zikipita kwenye mkwaruzo hufanana mno. Kwa Mswahili "tree" ni nafuu, maana sauti ya mwanzo ya "three" haimjii kila mtu. Lakini si wote wanaofuata kanuni. Utasikia "three" na "tree" kutoka kinywa kimoja ndani ya dakika moja. Marubani waliozoea anga la Marekani husema "point" badala ya "decimal", na huunganisha namba ya safari: "six twelve" badala ya "six one two".

Kisha kuna majina ya wito, yaani majina ambayo ndege huitwa redioni, na hapa ndipo modeli nyingi huanguka. Kila shirika lina jina lake la redio. Kenya Airways huitwa "Kenya", Air Tanzania huitwa "Tanzania", British Airways huitwa "Speedbird", Qatar Airways huitwa "Qatari". Usishangae kwamba msimbo wa herufi tatu wa Air Tanzania ni ATC, herufi zile zile ambazo dunia nzima inazitumia kufupisha kazi ya uongozaji ndege. Ukitafuta faili zako kwa neno hilo utapata vitu viwili vilivyochanganyika, kama ilivyonitokea.

Ndege ndogo hutumia namba ya usajili: 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda. Ndege 5H-ABC huitwa "Five Hotel Alfa Bravo Charlie" mara ya kwanza, na mwongozaji akishalifupisha, rubani naye hufupisha kuwa "Five Bravo Charlie". Kwa hiyo jina moja lina sura mbili au tatu, na mfumo lazima ujue zote ni ndege ile ile.

Kwetu kuna nyongeza. Rasmi ni Kiingereza, lakini "habari za asubuhi", "asante sana" na "safari njema" hupenya. Na wengi wetu tunaposema Kiingereza haraka tunaweka irabu mwishoni mwa neno, kwa sababu ndivyo lugha yetu inavyofunga maneno. Modeli iliyofunzwa kwa sauti za Ulaya haijawahi kusikia hivyo.

Hatua ya 3: Pata sauti, kwa ruhusa

Redio za ndege ziko kati ya megahezi 118 na 137, na bado zinatumia AM, mtindo ambao redio nyingi za muziki zimeshauacha. Sababu si uzembe. Kwenye FM, watu wawili wakisema pamoja, mwenye nguvu humfunika kabisa mwenzake na hutajua kwamba kulikuwa na mwingine. Kwenye AM utasikia mlio wa kufinya na utajua kuna aliyezuiwa. Kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, mlio kama huo uliziba maneno ya mnara na ya ndege ya Pan Am masikioni mwa marubani wa KLM, ndege hizo mbili zikagongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Kwa mjenzi wa mfumo, maana yake ni kwamba lazima kuwe na alama ya "hapa sauti zimegongana", na modeli iruhusiwe kunyamaza badala ya kubahatisha.

Njia bora ya kupata sauti ni kutoka kwenye mtambo wa kurekodi wa mamlaka yenyewe, kwa makubaliano ya maandishi. Ni safi, ina pande zote mbili, na ina saa sahihi. Njia ya pili ni kujirekodia kwa kipokezi cha kompyuta cha bei nafuu cha aina ya RTL-SDR na programu huria ya RTLSDR-Airband, ambayo hurekodi masafa kadhaa ya AM kwa wakati mmoja. Antena rahisi ya robo ya wimbi kwa masafa haya ina urefu wa sentimita 60 hivi, na fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza.

Kabla hujapanda juu ya paa, ulizia sheria. Marekani kusikiliza hakuna tatizo. Uingereza ni kosa kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu. Kwetu, masafa yako chini ya mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, na anga iko chini ya mamlaka za usafiri wa anga, TCAA na KCAA. Andika barua, eleza utafiti wako, subiri jibu. Sauti ya mtu pia ni taarifa yake binafsi: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Ukishapata ruhusa, jiandae kwa jambo linalowashangaza wengi: utasikia upande mmoja. Mawimbi haya huenda kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo kilomita 10 juu unaweza kuisikia ikiwa umbali wa kilomita 400 hivi, lakini mwongozaji anayeongea kutoka antena ya chini, nyuma ya majengo, hutamsikia usipokuwa karibu. Utakusanya majibu bila maswali. Tafuta mahali panapoonana na uwanja, au ukubali kwamba data yako itakuwa ya marubani watupu.

Hifadhi kwa WAV au FLAC, hezi 16,000, njia moja ya sauti. Usitumie MP3. Redio yenyewe hupitisha takribani hezi 300 hadi 3,400 tu, na kuibana tena ni kumkamua ng'ombe aliyekwisha kamuliwa. Na ukiweka kizuizi cha mkwaruzo, kiache kifungue mapema. Kikichelewa hata kidogo kinakata neno la kwanza, na neno la kwanza ndilo jina la wito.

Hatua ya 4: Nukuu kwa sheria moja

Kama una fedha za kitu kimoja tu, zitumie hapa. Saa kumi zilizonukuliwa kwa uangalifu zitakufikisha mbali kuliko saa hamsini zilizonukuliwa ovyo.

Kwanza kata rekodi vipande, kila kipande mbonyezo mmoja wa kitufe cha kusemea. Programu za kugundua usemi husaidia, lakini redioni mwongozaji na rubani hufuatana bila kituo, kwa hiyo utapata vipande vyenye watu wawili. Vikate kwa mkono na uandike ni nani anasema.

Kisha weka sheria za uandishi, kurasa mbili tu, na kila mnukuzi azishike. Zangu ziko hivi. Namba zote huandikwa kwa maneno kama zilivyotamkwa: "six one two" na "six twelve" ni vitu viwili tofauti. Matamshi ya ICAO hurudishwa kwenye tahajia ya kawaida, "niner" iwe "nine", ili modeli isigawanye neno moja mara mbili. Herufi huandikwa kwa jina lake rasmi, na angalia kwamba ICAO huandika "alfa" na "juliett", tofauti na kamusi. Kiswahili huandikwa kama kilivyosemwa, na alama ya lugha pembeni. Kisichosikika hupewa alama yake, hakuna kukisia.

Sheria inayoleta ugomvi kuliko zote ni ya "to" na "two", "for" na "four". Masikio hayatofautishi. Mnukuzi lazima aelewe agizo ili aandike sawa, na akishindwa kuelewa aweke alama ya shaka. Hili lina damu ndani yake. Februari 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa "descend two four zero zero", yaani ishuke hadi futi 2,400. Ndani ya ndege ikasikika "to four zero zero", rubani akajibu "four zero zero", hakuna aliyemsahihisha, ndege ikagonga kilima na watu wanne waliokuwemo wakafa. Jibu la rubani lilikuwa na dalili yote ndani yake. Ndilo aina ya jibu ambalo mfumo wako unatakiwa kulishika, na hautalishika kama mnukuzi wako alizoea kulirekebisha kimya kimya.

Tafuta mwongoza ndege mstaafu awe sikio la mwisho. Vijana wawili wanukuu kila mmoja peke yake, programu ilinganishe, na pale wanapotofautiana mzee aamue. Nimeona kipande kilichosikilizwa mara ishirini na wahandisi watatu bila jibu. Mzee akakisikiliza mara moja akacheka: lilikuwa jina la kituo cha njia, yaani nukta ambayo ndege hupitia angani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona kwenye ramani. Mlipe vizuri.

Kuharakisha, unaweza kuiacha modeli ya mwanzo iandike rasimu na watu wasahihishe, ila kwa data ya mafunzo tu. Seti ya majaribio inukuliwe kutoka sifuri, kwa sababu mtu akishaona neno kwenye skrini hulisikia hata kama halipo.

Na unapogawa data, usichanganye vipande kama karata. Ndege moja huongea mara kumi ndani ya robo saa, na mwongozaji mmoja hushika zamu nzima. Ukigawa ovyo, modeli itapimwa kwa sauti na majina iliyokwisha yakariri. Gawa kwa siku, na ukiweza kwa mwongozaji: siku za majaribio ziwe na watu ambao modeli haijawahi kuwasikia.

Hatua ya 5: Azima data za wengine

Huanzi patupu. ATCOSIM ina takribani saa kumi za waongozaji wakiwa kwenye mtambo wa kuigiza, iliyotengenezwa na kituo cha majaribio cha Eurocontrol, shirika la Ulaya la uongozaji ndege, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz. Ni safi na ya bure. Chuo Kikuu cha West Bohemia kimetoa rekodi halisi za anga la Czech. Mradi wa ATCO2 ulikusanya zaidi ya saa 5,000 kutoka kwa wapenzi wa redio, zikanukuliwa na mashine, pamoja na saa chache zilizonukuliwa na watu, moja kati yake ikiwa ya bure kabisa. Mkusanyiko wa zamani wa mwaka 1994 wa LDC, hifadhi ya data za lugha ya Marekani, una viwanja vya Marekani, lakini unalipiwa.

Usizichukulie kuwa sawa. Watafiti wa Delft, Uholanzi, walionoa Whisper, modeli ya usemi nitakayoieleza hatua ya 6, kwa data za namna hii, waliripoti makosa ya maneno kama asilimia 1 hivi kwenye ATCOSIM na zaidi ya 13 kwenye ATCO2. Familia ya modeli ni ile ile, lugha ni ile ile. Kilichobadilika ni hewa iliyoko kati ya mdomo na kipokezi. Mtu akikuletea namba moja tu, muulize ni ya data ipi. Na kumbuka hakuna hata moja kati ya hizi yenye rubani wa ndege ndogo ya Caravan akiomba kutua Unguja. Hiyo utaikusanya wewe.

Hatua ya 6: Noa modeli

Sehemu hii watu huiandikia vitabu, mimi nitaipita haraka, kwa sababu tofauti kati ya modeli ni ndogo kuliko tofauti kati ya data.

Una njia mbili za busara. Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022 baada ya kufunzwa kwa saa 680,000, huanza vizuri na huvumilia lafudhi. Tatizo lake ni kwamba ikipewa mkwaruzo mtupu hubuni sentensi nzima, kwa adabu kabisa, ikiwemo shukrani kwa watazamaji. Redio ina mkwaruzo mwingi, kwa hiyo weka kichujio cha usemi mbele yake na ufunze pia kwa vipande visivyo na maneno. Tahadhari nyingine: kisafisha maandishi kinachokuja nayo hugeuza maneno ya namba kuwa tarakimu. Kizime, andika chako.

Njia ya pili ni XLS-R, modeli nyingine ya usemi, yenye kichwa cha CTC (tabaka la mwisho linalogeuza sauti kuwa herufi) pamoja na modeli ndogo ya lugha ya KenLM, inayokadiria neno gani hufuata lipi. Inahitaji kazi zaidi, lakini huandika kile ilichosikia, fremu kwa fremu, na ni rahisi kuisukuma ipendelee majina fulani. Kwa kazi ya kugundua makosa ya rubani mimi huchagua hii. Kwa kutafuta ndani ya rekodi, Whisper ya ukubwa wa kati inatosha.

Anza na kasi ndogo ya kujifunza, 0.00001 kwa Whisper. Sauti safi za kuigiza zichakaze kabla ya kuzitumia: zipitishe kwenye kichujio cha hezi 300 hadi 3,400, zikate vilele, zibadilishe mwendo kati ya 0.9 na 1.1. Mkwaruzo wa kuchanganya uchukue kutoka kwenye rekodi zako mwenyewe, kwenye nafasi ambazo hakuna anayeongea. Kelele ya kubuni haifanani na kelele ya paa lako.

Kuhusu modeli ya lugha, kuna mtego. Kwenye data yako vimo fulani vitajirudia mno, na modeli itaanza kuvipendelea: ikisikia "one four" itamalizia "zero" hata kama mtu alisema "five". Badala ya kuifunza kwa sentensi jinsi zilivyo, toa namba uweke nafasi tupu, kisha jaza namba zote zinazowezekana kwa usawa. Na "zinazowezekana" hutegemea uwanja. Futi 3,000 Dar es Salaam ni kimo cha ndege inayojiandaa kutua. Nairobi, ambako uwanja uko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, ni chini ya ardhi.

Hatua ya 7: Iambie nani yuko angani

Mwongoza ndege hasikii vizuri kuliko wewe kwa sababu ana masikio ya ajabu. Anasikia vizuri kwa sababu anajua nani anaweza kumwita. Mbele yake kuna orodha ya ndege nane, na sauti yoyote inayokuja ni ya mmoja kati ya nane hao. Mpe mfumo wako orodha hiyo hiyo na makosa ya majina ya wito yatapungua kuliko utakavyopunguza kwa modeli kubwa zaidi.

Orodha hupatikana kwenye ADS-B, matangazo ambayo ndege nyingi hutoa zenyewe kwenye megahezi 1,090. Kipokezi cha pili cha RTL-SDR kinaweza kuyashika, au unaweza kutumia data za OpenSky Network, kama mradi wa ATCO2 ulivyofanya. Kwa kila kipande cha sauti, kusanya majina yaliyokuwa ndani ya eneo lako dakika chache kabla na baada. Yapanue kwa maneno: KQA612 (KQA ni msimbo wa Kenya Airways) inakuwa "kenya six one two", "kenya six twelve", "six one two". Kisha uyape uzito wakati wa kusimbua. Maktaba ya pyctcdecode ina nafasi ya maneno ya kupendelewa. Au iache modeli itoe matokeo kumi bora, na uchague lile ambalo jina lake limo kwenye orodha.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Ndege ndogo nyingi hutaziona kwenye ADS-B, kwa hiyo omba mipango ya safari au uongeze kwa mkono usajili unaozoeleka uwanjani. Na uzito ukizidi, mfumo utaanza kulazimisha: KQA621 ikiita wakati iliyoonekana ni KQA612 tu, utaandikiwa 612. Acha mlango wa "hayumo kwenye orodha" wazi siku zote.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya 1, kwa sababu hapa ndipo nimeona miradi ikijiharibia yenyewe. Ukishaonja utamu wa muktadha utataka kuutumia kila mahali. Dar es Salaam ina njia za kurukia 05, 23, 14 na 32. Basi ukisikia "two four" irekebishe iwe "two three", kwa nini isiwe hivyo? Kwa sababu rubani huenda amesema "two four" kweli. Ametoka Nairobi, ambako 24 ipo, na ulimi umeteleza. Mwongozaji akitoa kimo 140 na rubani akarudia 150, mfumo unaojua agizo la kwanza utavutika kuandika 140, na utakuwa umefuta kosa pekee ulilojengewa kulikamata. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: muktadha nautumia kumtambua anayeongea, kamwe siutumii kurekebisha thamani aliyoitaja. Vimo, mielekeo, njia za kurukia na masafa viandikwe kama vilivyosikika, hata vikiwa upuuzi. Ulinganisho ufanyike baadaye, kwenye hatua tofauti ya programu, mahali ambapo tofauti huleta kengele.

Hatua ya 8: Toa maana, halafu pima maana

Maandishi matupu hayatoshi. Funza modeli ndogo ya pili, au andika kanuni za kawaida, igawe sentensi sehemu tatu: jina la wito, agizo, thamani. Watafiti wa Ulaya waliokuwa chini ya SESAR, mpango wa Ulaya wa kuboresha uongozaji ndege, walikubaliana juu ya orodha ya pamoja ya maagizo. Kuifuata kunakuwezesha kulinganisha kazi yako na yao.

Kipimo cha makosa ya maneno kiweke, kwa sababu kila mtu atakiuliza, lakini usikitegemee. Tuseme sentensi yetu ya maneno kumi imeongezewa "good morning": mfumo uliokosa salamu hiyo na ule uliokosa tarakimu mbili za kimo utapata alama karibu sawa. Pima vitu hivi kila kimoja peke yake: mara ngapi jina la wito ni sahihi lote, mara ngapi thamani ni sahihi yote, mara ngapi mfumo umenyamaza, na mara ngapi umekosea kwa kujiamini. Hicho cha mwisho ndicho cha kutazama kwa jicho kali.

Shindano la Airbus la mwaka 2018 lilitoa picha nzuri ya pengo hili. Timu bora kwenye unukuzi ilibakiza makosa ya maneno asilimia 7.62. Kwenye kutambua jina la wito, alama ya juu ilikuwa 82.41 kati ya 100.

Gawa matokeo pia kwa makundi: marubani na waongozaji, sauti safi na chafu, wenyeji na wageni. Wastani huficha. Unaweza kukuta mfumo unawasikia vizuri marubani wa mashirika makubwa huku vijana wa ndege ndogo wakipotea karibu wote, na wastani bado unapendeza.

Hatua ya 9: Iweke pembeni kwanza

Miezi ya mwanzo mfumo uandike tu, bila mwongozaji kuuona. Kila jioni chukua vipande ambavyo ulikuwa na uhakika mdogo, na vichache ambavyo ulikuwa na uhakika mkubwa, uvisikilize. Hivyo vya pili ndivyo vitakavyokufundisha zaidi. Vilivyosahihishwa virudi kwenye data ya mafunzo, kamwe visiingie kwenye seti ya majaribio.

Ukifika wakati wa kuonyesha kitu kwenye skrini ya mtu, anza na jina la wito pekee: ndege inayoita ing'ae. Ni msaada mdogo, na ukikosea mwongozaji anauona upuuzi mara moja kwa macho. Kengele ya rubani aliyerudia vibaya ije mwisho kabisa, na izime kabla ya watu kuizima wenyewe: ikilia bure mara nyingi, siku ikilia kweli hakuna atakayegeuka.

Orodha zako zitachakaa. Shirika jipya litaanza safari na jina la wito ambalo modeli haijawahi kulisikia, kituo cha njia kitabadilishwa jina, masafa ya mnara yatahamishwa. Hata namba za njia za kurukia hubadilika, kwa kuwa hufuata dira na ncha ya sumaku ya dunia inatembea. Taarifa za anga duniani hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28. Weka tarehe hizo kwenye kalenda yako, na siku hiyo, kabla ya chai, endesha upya programu inayotengeneza orodha.